Mama Zamu: Aliyegawa Kazi Tusigawanyike

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kiwanda chetu cha uchapaji, Afisa Utumishi Mkuu atakabidhi ofisi na kwenda kupumzika. Cheo hicho kimeandikwa mlangoni kwake, lakini ukimuuliza mlinzi wa getini yuko wapi Afisa Utumishi Mkuu, atakuna kichwa kwanza. Muulize Mama Zamu, atakuonyesha ngazi.

Jina hilo alilipata mapema. Alipoajiriwa, zamu ya asubuhi ilianza kabla jua halijachomoza, na aliyechelewa alikatwa mshahara. Waliomtangulia walikuwa wakiandika onyo juu ya onyo. Yeye alikwenda kusimama getini, siku baada ya siku, aone ni nani hasa anayechelewa. Akakuta ni walewale: kina mama wenye watoto wachanga. Akapendekeza iwepo zamu inayoanza kukiwa kumepambazuka. Fundi mkuu wa mitambo, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, akamjia juu.

"Mashine haimsubiri mtoto anyonye!"

"Mtoto hatuwezi kumpangia saa ya njaa, kaka," alimjibu kwa upole. "Mashine tunaweza."

Zamu ikaanzishwa. Uchelewaji ukapungua wenyewe, na fundi mkuu yuleyule ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Mama Zamu, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa heshima.

Wageni humwogopa kwa sababu ya viatu vyake. Vina visigino vigumu, na akishuka ngazi kiwanda kizima hujua. Siku moja dada wa mapokezi alimshauri anunue vya raba, miguu ipumzike. Mama Zamu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaeleza kwamba hapendi kufumania watu: "Nikikukuta umelala itabidi nichukue hatua, na mimi mwenyewe nimechoka." Tangu hapo tumeviheshimu viatu vile kama adhana ya kutuamsha.

Lakini mtu hupimwa siku ya dhiki. Yetu ilifika pale gazeti la kila siku, mteja wetu mkubwa kuliko wote, lilipoacha karatasi na kuhamia kwenye simu. Mtambo mkubwa ukanyamaza. Katika ukumbi ule ambao tulizoea kuongea kwa kupiga kelele, sasa ungemsikia mtu akimenya chungwa. Mkurugenzi alipiga hesabu zake akaona hakuna njia ila kupunguza theluthi ya wafanyakazi. Uamuzi ulikuwa umeshaiva, umebaki kupakuliwa.

Mama Zamu aliomba asubiriwe kidogo. Hakwenda kulia kwa mtu. Alikwenda kwa watu wa mauzo, akawauliza ni nini ambacho wateja wanakiulizia na sisi hatukitengenezi. Jibu lilikuwa moja: maboksi. Watu walikuwa wameacha kununua gazeti, lakini dawa, viatu, na hizo simu zenyewe, vyote vilihitaji boksi. Mashine ya kukata na kukunja tulikuwa nayo moja, imefunikwa turubai, na waliojua kuiendesha hawakujaza hata benchi.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la karatasi, watu wamekaa juu ya mabunda yake. Alieleza mpango wake bila kuuma na kupuliza: asiondoke mtu. Kazi iliyopo igawanywe, kila mmoja aje siku tatu kwa wiki na kulipwa za siku tatu, na siku ya nne aje kujifunza maboksi. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, ambaye kwa sauti yake tulimwita Radi, alisimama.

"Yaani sisi tule nusu sahani, wakubwa wanakula nzima?"

"Nusu yangu imo humo, na ya mkurugenzi imo," alisema Mama Zamu. "Akitokea wa kula nzima, mimi karatasi hii siisaini."

"Na tukishajifunza hayo maboksi, mtatufukuza?"

"Baba, ningekuwa najua ya mwaka kesho ningefungua uganga. Ninalojua ni kwamba mkienda nyumbani leo, maboksi yakija atayatengeneza mtu mwingine."

Radi aliketi. Kisha akanyoosha mkono. Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi.

Atakayesema mwaka ule ulikuwa mwepesi, tutamcheka hadharani. Kuna waliohamia vyumba vidogo zaidi. Kuna mpiga chapa aliyeanza kunyoa watu siku zake za kukaa nyumbani, na mpaka leo ndiye kinyozi wetu. Wazee wa mtambo wa gazeti walinuna walipofundishwa kukunja boksi na mabinti wa idara ya kujalidi vitabu, kisha wakazoea, kisha wakaanza kushindana nao. Oda ya kwanza kubwa, ya kiwanda cha sabuni, ilipoingia, hatukuhitaji kutafuta mafundi nje. Tulikuwa nao, wamekaa wanasubiri. Polepole siku tatu zikawa nne, nne zikawa tano.

Hapa wengi wangemalizia hadithi na kupiga makofi. Yeye mwenyewe hakubali iishie hapo. Anapowapokea waajiriwa wapya huwa anawasimulia lililompata getini siku zilezile za sifa. Dada mmoja kibarua, fundi wa kubandika aliyeitwa Dada Gundi, alikuwa amefika akaambiwa hakuna kazi, arudi alikotoka. Alimsubiri Mama Zamu nje, jua linawaka.

"Mama, nasikia umegawa kazi kwa wote," alimwambia. "Sisi tunaokuja hapa miaka na miaka bila mkataba, ni nani?"

Mpango wa Mama Zamu haukuwataja vibarua popote. "Niliwahesabu wenye mikataba," huwa anasema, "nikadhani nimewahesabu watu."

Alirudi ndani na suala lile hakuliacha tena. Lilimchukua miaka, si miezi. Mkurugenzi alihofia gharama. Radi naye, tusifichane, alihofia kwamba wapya watapunguza kilichopo mezani. Mama Zamu aliwakalisha wote wawili, akawaonyesha kwamba kazi ya maboksi ina misimu, na kwamba fundi anayeitwa na kufukuzwa kama kuku hawezi kuijua mashine vizuri. Hatimaye tukapata mikataba ya msimu, yenye likizo, matibabu na ruhusa ya uzazi, na anayemaliza msimu huitwa wa kwanza msimu unaofuata. Wengine walikuwa wameshatawanyika. Hao hakuwapata, na hilo bado linamuuma. Dada Gundi alirudi. Leo ndiye msimamizi wa ukumbi wa maboksi, na wanaochelewa wanasema heri Mama Zamu.

Sisi wa chumba cha usanifu tuna ugomvi wetu naye. Tulipoomba kufanyia kazi nyumbani, alituuliza kama kuna kazi ya kuvaa ndala. Akatukatalia. Kisha akaenda likizo kwa bintiye, anayefanya kazi akiwa nyumbani, kwa kompyuta, na kampuni asiyowahi kuiona, akakaa naye wiki nzima. Alirudi amebadilika. Alimwona mwanawe akila chakula cha mchana jioni, mkono mmoja kwenye kijiko, mwingine kwenye simu. Alituita akatupa ruhusa tuliyoiomba, pamoja na sharti ambalo hatukuliomba: baada ya saa za kazi, hakuna bosi kumpigia mtu simu. Wakubwa walinung'unika. Wake zetu na waume zetu walimtumia salamu.

Mwezi uliopita uongozi ulimwomba aongeze mkataba wa miaka miwili, kwa kuwa hali ya soko inabadilika tena na mashine mpya zinakuja. Tulidhani angekubali, kazi anaipenda, na afya anayo. Mkurugenzi mpya anasimulia kwamba Mama Zamu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasimama.

"Mwanangu, hiki kiti ni ajira ya mtu," alimwambia. "Na huyo mtu yuko nje anatafuta."

Mrithi wake anaanza Jumatatu.

Mama, asante kwa kutuona tulipokuwa namba. Asante hata kwa yale makaripio. Tunakurudisha kwa mumeo, wanao na wajukuu ukiwa mzima na mwenye kucheka. Kila la heri, mama yetu: ulale unono, uamke upendapo, na maisha yakutendee haki kama ulivyotutendea sisi.