Mkiniona Nimekaa, Kaeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama uko Kalinzi na betri zimechoka, zianike juani kidogo, tutakungoja.

Leo tunamkumbuka Bi Asia binti Haruna, wa Kasingirima. Ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa. Wengi mlimjua kwa chai yake pale uwanja wa ndege, chai na maandazi, miaka ishirini na zaidi. Lakini leo hatuzungumzi maandazi. Tunazungumza ndege, hasa zile za Waingereza. Za jeshi, za abiria, zote. Bi Asia alizipenda ndege hizo kuliko wengine wanavyopenda mpira.

Ilianzia kwa babu yake. Babu Abeid alikuwa mpagazi bandarini Kigoma, mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita, vita vya kwanza, Mjerumani bado yupo. Siku moja ikatokea ng'ambo ya ziwa ndege ya majini. Mbao na kitambaa, chini ina miguu kama mitumbwi miwili. Imeundwa Uingereza na ndugu watatu wa jina la Shoti, inarushwa na Wabelgiji. Ikaangusha mabomu bandarini. Babu Abeid akatupa mzigo, akatimua mbio. Ujiji hakusimama. Alikwenda kusimama Kalinzi, milimani kabisa, akakaa huko mpaka akavuna maharage. Aliporudi mji mzima ukamwita Abeid Maharage. Mpaka anaingia kaburini, Abeid Maharage.

Sasa Asia amekua na jina hilo mgongoni. Chuoni, kwenye Kurani, wenzake wanamwimbia, mjukuu wa Maharage, mjukuu wa Maharage. Siku moja akawageukia. Akawaambia, "Babu alikimbia asichokijua. Mimi nitakijua."

Na akakijua, bwana. Pale uwanjani palikuwa na fundi mmoja, Elinipa, Mpare, ameletwa kikazi. Akampa kitabu kizee cha jeshi la Waingereza cha kutambulia ndege. Picha nyeusi tupu, kama vivuli. Bi Asia Kiingereza hajui. Akajifunza vivuli. Halafu akajifunza na sauti.

Fundi alikuwa akimchokoza. "Bi Asia, hiyo inayokuja ni Foka, ya Mholanzi. Rudi jikoni."

"Mwili Mholanzi, roho Mwingereza," Bi Asia anajibu. "Injini hiyo ni Roli Roisi. Usinifundishe nikiwa na birika mkononi, fundi, litakumwagikia."

Sasa twende mwaka tisini na sita. Miaka ya wakimbizi, wakubwa mnaikumbuka. Watu wanavuka ziwa kwa mitumbwi, kutoka Burundi, kutoka Kongo, wamelowa, hawana kitu. Kulikuwa na kituo cha kuwapokea ufukweni, mbele kidogo ya Katonga. Na kituo hicho kilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege za misaada.

Unaona tatizo. Kule walikotoka, mngurumo wa juu ulikuwa na maana moja tu. Kwa hiyo ndege ikilia, watoto wanapiga kelele, "Indege! Indege!" na watu elfu mbili wanakimbia. Wengine vichakani, wengine majini. Wamekimbia unga uliokuwa unakuja kwao wenyewe. Wiki moja mzee mmoja akakanyagwa, akafa. Wiki iliyofuata mtoto wa mama mmoja aitwaye Rozalia akavunjwa mkono kwenye foleni ya uji.

Msimamizi wa kituo akapata akili. Akatundika ringi ya gari kwenye mti. Ndege nzuri ikija, igongwe ringi, watu wajue ni salama. Wasikilizaji wapendwa, ringi ikagongwa, watu wakakimbia mara mbili. Baadaye hata ikigongwa kwa ajili ya chakula, wanakimbia.

Bi Asia alipopata habari akafunga biashara mapema. Akaenda kituoni na kitabu chake kwapani. Akamwambia msimamizi, "Walikuwa na hofu moja. Mmewaongezea ya pili."

Akakaa chini na akina mama, akawafundisha kama chuoni. Yeye anaitoa sauti ya injini mdomoni, wao wanataja. Anapiga ule mluzi mkali wa puani, anauliza, "Nani huyo?"

"Andova."

"Amebeba nini?"

"Unga."

"Tunafanyaje?"

"Tunakaa."

Akawaambia Andova ilikuwa ya jeshi la Waingereza, na ikitua inajua kupiga magoti ipakuliwe. Rozalia akacheka. Mara ya kwanza tangu avuke ziwa. Kisha akauliza swali lenyewe. "Mama Asia, na ile mbaya inaliaje?"

Bi Asia akakifunga kitabu. Akasema, "Nikiisikia hiyo, nitakimbia mbele yenu, na mnajua ukoo wangu unavyokimbia. Basi tuwekeane ahadi. Mkiniona nimekaa, kaeni. Mkiniona nakimbia, kimbieni."

Siku tisa mfululizo alikwenda, na siku tisa hizo hakuumia mtu.

Siku ya kumi akamkuta msimamizi langoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huruhusiwi kuingia. Wewe si mtumishi, huna kitambulisho. Nani amekutuma?"

"Babu yangu."

"Yuko ofisi gani?"

"Yuko makaburini Ujiji. Kamuulize."

Msimamizi hakucheka. Akafunga lango.

Bi Asia alikuwa bado amesimama pale aliposikia mngurumo kutoka ziwani. Ndani foleni imejaa, kina mama na watoto mgongoni. Vichwa vikaanza kuinuka. Wanamtafuta. Hawamwoni.

Ua wa kituo kile ulikuwa wa nyaya, unaishia majini. Bi Asia akafunga kanga vizuri, akaingia ziwani. Maji yakafika kiunoni. Akazunguka nguzo ya mwisho, akatokea upande wa pili, amelowa chapachapa, msimamizi anapiga kelele nyuma yake. Akaenda katikati ya mchanga mweupe, mahali ambapo hata panya hana pa kujificha. Akaketi. Akanyoosha miguu.

Sasa sikilizeni hapa. Ile sauti hakuijua.

Binti yake Hadija ndiye aliyetuambia, tena ametupa ruhusa. "Mama alisema haikuwa Andova, haikuwa Foka. Ilikuwa inakwaruza, kama mtu anayepasua mabati. Hajawahi kuisikia. Alisema, nikikimbia watakufa watoto hapa hapa. Nikikaa, sijui. Basi nikakaa na sijui yangu."

Rozalia akamwona. Akatoka kwenye foleni na mtoto wake mwenye bandeji, akaja akaketi pembeni yake. Akaja mwingine. Halafu kumi. Halafu foleni nzima ikashuka chini kama watu wa swala.

Ndege ikatokea juu ya maji. Sanduku lenye mabawa. Bi Asia akakitambua kivuli, ule wa kitabuni, ukurasa aliokuwa ameukunja kona. Skaivani. Imeundwa na nani? Na Shoti. Kampuni ile ile ya ndugu watatu, iliyomkimbiza babu mpaka Kalinzi. Safari hii imebeba dawa.

Bi Asia akainua mkono, akaisemesha kwa sauti. "Mjukuu wa Maharage huyu. Nimekaa."

Ikapita juu yao. Hakukimbia mtu. Kesho yake lango likafunguliwa, na ringi ikashushwa mtini.

Rozalia hakurudi kwao. Yuko hapa hapa Ujiji, ana wajukuu. Jumamosi alikuwa mazikoni. Tukamuuliza, je, alijua kwamba siku ile Bi Asia hakuijua ile ndege? Akasema, "Nilijua. Nilipofika karibu niliona vidole vya miguu vinamtetemeka. Nikakaa hivyo hivyo. Ningemwachaje akae peke yake?"

Tukiwa bado makaburini ikapita ndege, ya mchana ile, kutoka Dar. Wengi tuliinua vichwa. Rozalia hakuinua. Alikuwa anaweka udongo sawa kwa kiganja. Akasema, "Ya Kanada hiyo, si ya Mwingereza. Asia asingeipotezea hata macho."

Kwa Hadija, kwa wajukuu, kwa Rozalia, kwa Kasingirima yote na watu wa uwanja wa ndege, poleni sana. Mungu amlaze Bi Asia binti Haruna mahali pema. Na babu yake, tangu leo, tunaomba aitwe Abeid tu. Deni la maharage limeisha.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkizima redio jiulizeni jambo moja. Siku mngurumo usioujua utakapokuja, na watu wanakutafuta kwa macho, utakuwa umekaa wapi?