Mzee Zedekiah Were Anakabidhi Kabati la Kauri

Inatangazwa kwa heshima zote, na wenye kofia wazivue: kuanzia Jumatatu, tarehe 1 Julai 1957, kila mfanyakazi ana ruhusa ya kutupa limau akishalikamua. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyethubutu. Maganda yote yalikuwa mali ya Mzee Zedekiah Were, mwangalizi wa vyombo katika nyumba yetu ya wageni hapa Muthangari, ambaye anastaafu Jumamosi hii.

Alifika kutoka Ugenya mwaka wa 1931, akaanza kwa kufagia veranda. Mwosha vyombo wa siku hizo alipougua, Zedekiah aliombwa amshikie kazi kwa muda. Mgonjwa alipona, akarudi, akaviona vikombe vinavyong'aa, akaomba mwenyewe kuhamia bustanini.

Sabuni ya dukani hakuipenda. Alisema inaacha harufu inayogombana na chai. Weusi wa chai ndani ya kikombe aliutoa kwa jivu la mkaa, lililochekechwa kwa kitambaa mpaka likawa laini kama poda. Doa sugu alilisugua kwa ganda la limau lililochovywa kwenye chumvi. Mafuta aliyaondoa kwa magadi kidogo katika maji ya uvuguvugu, ila sahani zenye ukingo wa dhahabu hazikuguswa na magadi wala jivu. Hizo zilioshwa kwa maji na kiganja, kama uso wa mtoto.

Amri yake kubwa ilikuwa moja: chombo baridi kisimwagiwe maji ya moto. Mimi, karani wa stoo, niliivunja mara moja, na nikavunja pia birika. Mzee alivitazama vipande, akanitazama mimi, akasema, "Karani, wewe rudi kwa kalamu. Hiyo ikianguka haipasuki." Nimetii hadi leo.

Tunamshukuru kwa kila kikombe tulichonywea bila kuonja chakula cha jana. Tunamtakia afya, mvua za kutosha shambani, na jamaa wasiogonganisha sahani.

Limebaki jambo la bakuli kubwa la supu. Wageni huambiwa kwamba lilipata ufa, Mzee akalichemsha katika maziwa kama wazee wa kazi hii wafanyavyo, ufa ukazibika, na Naliaka, mwandalizi wa meza, akaponea kufukuzwa kazi. Hadithi ni tamu, lakini haikuwa hivyo.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, Julai 1954. Supu ilivuja mezani mbele ya wageni, na kwa kuwa Naliaka ndiye aliyelibeba bakuli, meneja alimwambia afungashe vitu vyake. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na chumba alicholala kilikuwa cha kazi.

Maziwa yalichemshwa kweli. Mzee alilisimamia sufuria hilo jikoni. Bakuli lilipotolewa na kujaribiwa, lilivuja vilevile. Nzuki mpishi akacheka: "Sasa Mzee, umetupikia uji wa sahani!"

Mzee hakucheka. Alijipangusa mikono, akaenda ofisini akiwa bado na aproni. Mlango ulikuwa wazi, sote tukasikia: "Bwana, mwache huyu mama. Hili bakuli nilipasua mimi. Nilikuwa na haraka, nikalitoa kabatini na baridi yake, nikalimwagia maji yanayochemka. Niliona ufa, nikatumaini utashika."

Meneja alimwondoa kwenye kauri, akampeleka kusugua masufuria hadi Krismasi. Mtu aliyetukaripia sote kwa kosa lile alipita katikati yetu kila siku na masizi mpaka kwenye viwiko, akisalimia kama kawaida. Naliaka hakufungasha. Jumatatu anashika funguo za kabati.