Mbao za Kile Kigari

Asiyekijua kijiwe chetu hajafika Ikwiriri, kapita tu na basi. Kiko mkabala na mashine ya kukoboa mpunga: benchi moja, mguu mmoja mfupi, na Swalehe na birika lake la kahawa. Alasiri hiyo ya mwaka tisini na nne tulikuwa tunasubiri kigari. Basi nikueleze, maana utauliza. Ni kile kigari cha umeme cha wazungu kuchezea gofu, kisichonguruma hata chembe. Mzungu wake alikuja na mambo haya ya soko huria, ajenge kambi ya watalii mtoni. Akafilisika, akakiacha, nasi tukakifanya cha kubebea wagonjwa. Ubaya wake mwendo: kuku anakipita. Siku hiyo Fundi Nasibu, tunayemwita Volti, alikuwa kamtuma Salumu, dereva wa kigari, akamlete mkewe, Yasmin, kutoka mtoni, uchungu umemshika. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, wamepakizana kwenye baiskeli. Ndiyo maana Volti alikuwa anakunywa kahawa asijue kama ya moto au ya baridi.

— Leo kitakimbia, — alisema. — Nimekiongezea betri mbili za lori. Zimelala kwenye jenereta ya mashine usiku kucha.

— Betri si hoja, — alisema Mwalimu Shedrack, mtu wa bara, anasomesha sayansi na hakuachi ulisahau hilo. — Hoja ni uzito. Mzigo ukizidi, mwendo unapungua. Ndiyo maana nikakwambia wewe usiende.

— Na sikwenda! Si nimekaa hapa nateketea?

— Mkono mtupu haulambwi, — Swalehe akachomekea.

— Hiyo inahusu nini hapa? — nilimuuliza.

— Inahusu betri. Kunywa kahawa.

Sadala, tunayemwita Bunge kwa vile hanyamazi, akajisogeza. Nikajua tumekwisha.

— Nyie mnahangaika na betri. Kigari kile kinachagua watu.

— Toba! Kinachagua?

— Marehemu Bwanaheri mlimpandisha nyinyi wenyewe. Homa tu, anaongea, anadai tumbaku yake. Kilikwendaje?

Kilikwenda kama swala. Salumu alikanyaga breki mpaka kiatu kikatoboka, na walipofika kituo cha afya mzee alikuwa ameshakata roho.

— Na Bi Mwanaidi je? Mguu tu ule, mguu! Kikaruka vilevile. Akafika maiti. Sisi wazima tukipanda, kinatambaa.

— Siku hizo betri zilikuwa zimejaa, — alisema Mwalimu.

— Na siku nyingine zote huwa hazijai?

Mwalimu akaomba kahawa nyingine.

Hapo ndipo Mzee Mtoro alipokohoa. Huyu ndiye mtunza msikiti wetu, na tangu adhana ya alasiri hakuwa amesema neno.

— Volti, mwanangu. Kile kitanda ulichokiunga nyuma, cha kumlaza mgonjwa. Mbao nilikupa mimi.

— Ndiyo, babu. Mninga mtupu. Mungu akulipe.

— Hukuniuliza zimetoka wapi.

— Si stoo ya msikiti?

— Ni jeneza la zamani. Tulipoletewa lile la chuma, nikaona hasara kuchoma mbao nzuri.

Kwetu maiti hatembezwi kwa mwendo wa harusi. Jeneza hukimbizwa, huyu akichoka bega anapokea mwenzake, mpaka makaburini.

— Miaka arobaini mbao zile hazijafundishwa mwendo mwingine, — alisema Bunge, na safari hii alinong'ona.

Volti akamvaa mzee, akamkamata kanzu kifuani.

— Mke wangu amelala juu yake sasa hivi! Ungekuwa rika langu, mzee, ningekuvunja!

Tukawaachanisha. Volti akaanguka kwenye benchi, uso kwenye viganja. Miezi mitatu mtu huyu anaomba mwendo, sasa namsikia:

— Ya Rabi, kitambae. Leo kitambae tu.

Basi la Dar likasimama, akashuka dada mmoja na sanduku la bati. Elinipendo, mwalimu mpya, anatafuta shule. Akatuamkia, Swalehe akampa kahawa, akauliza tunasubiri nini.

— Kigari cha wagonjwa, — nilimwambia. — Kinatambaa sana.

Na kweli, kikatokea. Mbele yake alikuwa anatembea mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, wala hana haraka, na kigari kipo nyuma yake tu, hakimpati. Volti alicheka huku machozi yanamtoka. Mama akatupita, akatusalimu, akaenda zake. Kigari ndiyo kwanza kinafika.

Yasmin alikuwa amejiinua kwenye kitanda, jasho linamtiririka, ulimi mzima.

— Nasibu! Kigari gani hiki? Nitazalia njiani tena, na wewe umekaa unakunywa kahawa? Panda hapa!

— Mzima! — Volti alipiga kelele. — Mke wangu mzima huyu!

— Panda, — alisema Mwalimu. — Kituo kiko hapo tu. Kizidi kutambaa, shauri yake.

Volti akapanda. Akakaa juu ya zile mbao, akamshika mkewe mkono, akatuonyesha meno yote.

Kigari kikaruka.

Hakikunguruma. Tulisikia sauti ya Salumu tu, analia kwamba hajakanyaga kitu. Kilimpita yule mama wa ndoo, maji yakamwagika yote, na kabla hatujafumba midomo kilikuwa kimeshakata kona.

Elinipendo akaweka kikombe chini.

— Kumbe kinakimbia! Na mlisema kinatambaa. Kimeongezewa nini?

— Mtu mmoja tu, — alisema Mwalimu.

Sote tulikuwa tunatazama pale kwenye benchi, alipokuwa amekaa Volti. Mzee Mtoro yeye alishaondoka, anakimbilia vumbi, kandambili yake moja imebaki kwetu.