Wilfried Asukulu na Moteri Saba za Mwemezi

Padri wetu, shemeji yangu Adolphine uliyebaki mjane, wazee mlioshuka kutoka Kilembwe na Fizi, majirani wa Mwemezi, Wakristo na Waislamu mnaovumilia jua hili pamoja nasi, mimi ni Albert, mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake kabla hatujafunga kaburi, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana sehemu ya mwisho aliiagiza yeye mwenyewe.

Kaka yetu Wilfried Asukulu alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Déogratias, katekista, na marehemu Mama Georgette, mkulima wa muhogo, akasoma shule ya msingi hapohapo Kilembwe kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari Fizi, ambako hakumaliza, si kwa kukosa akili bali kwa sababu baba alifariki mwaka 1988, akaingia kwa fundi mmoja wa magari pale Fizi, na baada ya miaka miwili fundi yule ndiye aliyekuwa akimwita yeye aje asikilize moteri zilizomshinda. Alikuwa mtu wa kutega sikio kuliko kusema, jambo ambalo mimi mdogo wake sikurithi, mnanijua.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Adolphine katika kanisa la Fizi, Mungu akawapa watoto wanne, Rosette mwaka 1995, Eddy mwaka 1998, Chérie mwaka 2000 na Vainqueur mwaka 2003, lakini Chérie tulimzika ng'ambo akiwa na miaka miwili, katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kwa kuwa vita vya 1996 vilituvusha ziwa sote, na hatukurudi nchini, hapa Baraka, hadi tarehe 19 Septemba 2007. Aliporudi alifungua karakana yake Mwemezi, mashini zote za kusaga za mtaa huu zikapita mikononi mwake, akazijua kwa mlio, angeweza kuwa anakula bugali wake akakuambia mashini ya nani inalia kwa kukosa oili.

Tarehe 4 Februari 2019 aliajiriwa na kampuni ya umeme wa jua iliyojenga mitambo yake juu ya mtaa wetu, kampuni ambayo leo sitaitaja, kwa kuwa haikutuma mtu wala barua ya rambirambi, na kuanzia Juni 2021 alipewa kazi ya kuwashawishi wenye mashini saba za Mwemezi waache moteri za mazuti, yaani za dizeli, wapokee moteri mpya za umeme zisizokula umeme mwingi, na wakisaga mchana, jua likiwa kali, wapunguziwe bei ya umeme. Kulikuwa na sharti moja, kwamba moteri ya zamani ivunjwe mbele ya mashahidi na kupigwa picha, kwa sababu kampuni ilisema kwingineko watu walipokea mpya kisha wakarudia mazuti kwa siri, na akipatikana hata mmoja aliyedanganya, mtaa mzima ungenyang'anywa moteri hizo. Watu wa hapa hawaamini karatasi, wanaamini mtu wanayemjua kwao, ndiyo maana kampuni ilimchagua kaka.

Wa kwanza kuendewa alikuwa Mama Saumu, mjane wa Papa Yunusu, ambaye wengi wenu mmesaga kwake. Hakukataa moja kwa moja, alimketisha kaka, akampa chai, akamwambia: "Kaka Wilfried, we unajua hii moteri, ndiyo ilisomesha batoto. Bale batu ba umeme siku moja batarudi kwabo, mi nitabakia hapa." Mwishowe alikubali, na tarehe 17 Agosti 2021, siku ya kuvunja, kaka alikuta uani moteri ya rangi ileile, ukubwa uleule, lakini mtu aliyejua mashini kwa mlio hawezi kushindwa kuijua kwa macho, akaona kwamba ni chuma kilichokufa zamani, kimenunuliwa kwa wauza vyuma chakavu na kupakwa rangi. Alimtazama Mama Saumu, Mama Saumu akatazama chini, kaka akainua nyundo, akakivunja, akasaini karatasi, huku moteri ya Papa Yunusu ikiwa salama stoo, chini ya nyavu za marehemu mumewe.

Mpaka hapo ningesema kaka yangu alikuwa na huruma, na ningenyamaza. Lakini wenye mashini wengine sita waliposita, wakimuuliza kama kweli kuna mtu aliyekubali, aliwajibu wote neno moja, Papa Fadhili, mmoja wao, analikumbuka na mimi pia, kwa kuwa nilikuwepo: "Hata Mama Saumu alishavunja yake, mi mwenyewe nilishika nyundo." Wakamwamini, na kufikia tarehe 30 Novemba 2022 moteri zote sita zilikuwa zimevunjwa, tena zimevunjwa na fundi, pale ambapo mchomeleaji yeyote angekata tamaa ya kuziunga. Kwa miaka miwili na zaidi umeme ulisaga vizuri, bila moshi, bila kelele, bei ikapungua, akina mama wakamsifu, nami nikajisifu kwa ajili yake, sitakataa.

Tarehe 11 Februari 2025, vita vilipokaribia na barabara ya Uvira ikafungwa, wakubwa wa kampuni walipanda boti wakisema wanarudi baada ya wiki mbili, siku tatu baadaye mitambo ikazima, na mashini zote saba zikanyamaza siku hiyohiyo. Kaka alizunguka vyuma vile sita akitafuta hata kimoja cha kufufua, hakukipata. Alijua ilipo ya saba. Hakusema, kwa hofu kwamba kampuni ingerudi, ione uwongo na kuwanyang'anya watu wote, Mama Saumu naye hakusema kwa hofu ya kumwangusha kaka, na kwa zaidi ya wiki tatu akina mama wa mtaa huu walitwanga muhogo kwa mikono, au waliubeba kichwani kwenda kusaga mbali. Tarehe 9 Machi 2025 Furaha, mke wa Papa Fadhili, mama wa watoto watatu, alikuwa njiani na gunia lake alipopigwa risasi ambayo mpaka leo hatujui ilitoka kwa nani.

Kesho yake, tukitoka kumzika, kaka alikwenda moja kwa moja kwa Mama Saumu, wakaondoa nyavu, na moteri ya Papa Yunusu ikawaka kabla jua halijazama. Tangu siku hiyo aliiendesha yeye mwenyewe kila siku, hakupokea hata sahani ya unga, hakucheka tena, naye Adolphine anasema alikuwa akiamka akikohoa moshi na kukataa kupumzika. Tarehe 21 Juni mkono wa chuma wa kuwashia ulimponyoka ukampiga tumboni, akaficha maumivu siku tatu, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, tukamfikisha hospitali ya Nundu tumbo limeshajaa damu, akapasuliwa tarehe 25, akafariki tarehe 3 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne.

Akiwa kitandani aliita wenye mashini wale sita mmoja mmoja, akawaeleza niliyoyasoma sasa, watano walimshika mkono na kumsamehe, Mungu awabariki. Papa Fadhili alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akasema: "Nyundo haikuvunja moteri yangu, ni mudomo yako," akatoka. Simlaumu, na yeyote wa familia hii atakayemlaumu atanikuta mimi. Kaka alituagiza tusome yote mbele ya watu, wajomba walipinga, wakasema maiti hasutwi, lakini Adolphine aliwaambia kwamba mumewe amekwisha kudanganya mara moja na hatamwacha adanganye tena akiwa ndani ya sanduku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nundu waliompigania siku tisa, vijana wa pikipiki waliombeba kwenye njia mbaya bila kulalamika, majirani waliolala nasi kwenye mikeka, na wafanyakazi wenzake wawili waliobaki Baraka, waliokuja kwa miguu yao na kwa jina lao wenyewe.

Sasa tunakwenda kufukia. Aliyemsamehe atatupa udongo, ambaye hajaweza arudi nyumbani kwa amani, hatutamhesabia vibaya. Udongo wa kwanza tumemwachia Papa Fadhili, ambaye amesimama pale nyuma karibu na njia, jana nilimwendea kumwomba, hakunijibu ndiyo wala hapana. Kaka, amani uliyoitafuta ikufikie, jembe liko chini, na hakuna atakayeligusa kabla yake.