Nyaya, Fundi Aliyeijenga Ulizia

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Nyaya, jina alilolipata akiwa na miaka tisa, alipovuta waya wa kengele kutoka chumbani kwa wazazi hadi jikoni, na mtu wa kwanza kujikwaa nao akawa baba.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa pili kati ya watoto wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, baba akiwa fundi cherehani na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari 1973 hadi 1976, ambako hisabati aliiweza na mwandiko ukamshinda kabisa, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi wa simu tarehe 30 Novemba 1979. Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa kuwa fundi simu katika ofisi kuu ya maji, jengo la ghorofa tano lenye korido zinazofanana, na hakuwahi kuajiriwa kwingine.

Kwenye mapokezi ya jengo hilo ndiko alikomkuta mama wa watoto wake, na kwa ushahidi wa wenzake, simu ya mapokezi haikuwahi kuharibika mara nyingi kama mwaka ule wa 1985. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa mwaka 1988, ambaye sasa ni mwalimu, na mdogo mwaka 1991, ambaye ni mfamasia.

Novemba 1994 shemeji yetu, huyo mke wa Nyaya, aliugua homa ya uti wa mgongo, Mungu akamponya, lakini masikio hayakurudi, na mwezi Machi ofisi ikamwambia, kwa upole kweli, kwamba mtu wa mapokezi asiyesikia simu wala wageni hawezi kubaki mapokezi, hivyo mwisho wa Mei atapumzishwa kazi. Shemeji aliipenda ile meza yake, na Nyaya alimjua mkewe, akaona wazi kwamba akirudishwa nyumbani atanyong'onyea, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko lolote maishani mwake.

Wakati huo alikuwa ameshahamishiwa kitengo cha kompyuta, na tarehe 3 Aprili 1995 alitoa stoo kompyuta mbili zilizotupwa, akaanza kuandika programu aliyoiita Ulizia. Alikuwa akiieleza hivi, kwamba mashine moja inakaa inasubiri, nyingine inabisha hodi, inataja jina, inajibiwa mtu huyo ni nani, yuko chumba gani na ameonekana saa ngapi, kisha inaaga. Ile inayosubiri, yaani seva, aliiweka chini ya meza yake ghorofa ya tatu, ile inayobisha hodi akaiweka mapokezi, akaikuzia herufi, akageuza kibodi imtazame mgeni, ili mgeni aandike mwenyewe anayemtafuta na mkewe asome tu. Chini ya kila jina aliacha mstari mmoja mtupu, mwenyewe aandike atakalo, na kwa kuwa watu huulizwa kwa majina ya utani kuliko ya vyeti, akaingiza na ya utani yote, bila kumuuliza mtu.

Ulizia ilianza kazi Ijumaa tarehe 19 Mei, na hata saa nne asubuhi haijafika ikaleta balaa. Nyaya alikuwa amesahau kuiambia seva ifanye nini mtu asipoandika jina lolote, na mgeni wa kwanza, mzee mmoja asiyezoea mashine, akabonyeza kitufe kikubwa bila kuandika kitu, akamwagiwa orodha ya wafanyakazi wote mia mbili na kumi na wawili, naye akaanza kuisoma kwa sauti, Kobe, Mama Mihuri, Bwana Kesho, huku watu wakishika mbavu, na nyuma yake amesimama mkurugenzi, ambaye ndiye Bwana Kesho na miaka yote hiyo hakuwa na habari.

Mkurugenzi alimwita ofisini akataka mashine izimwe mara moja, na kaka yetu, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, akasema, "Mzee, majina nayafuta sasa hivi, na barua ya onyo nitaipokea, ila ukiizima hiyo, mke wangu hana kazi." Mkurugenzi akauliza ule mstari mtupu unajazwaje, akaandika kwa vidole viwili, "Nipo leo." Barua ya onyo ilitoka kweli, imo kwenye faili, na shemeji yuko mapokezi mpaka sasa, miaka ishirini na miwili baadaye.

Aliendelea kuirekebisha kila walipomwomba, wachelewaji wakiwa wa kwanza kudai saa zao zifichwe, akawafichia, na mara mbili wataalamu walioletwa kuweka mfumo mpya walirudi kumuuliza wa kwake ulifanywaje. Alikuwa mtu aliyeridhika, mcheshi, mwenye kasoro zake, na pasi ya jirani yetu aliyoichukua kuitengeneza mwaka 2009 tumeikuta kabatini, tutairudisha.

Mwishoni mwa 2016 figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 8 Mei 2017, na kila asubuhi kitandani aliujaza mstari wake kwa simu, kwamba amelala vizuri, kwamba daktari ana mikono ya baridi, naye mkewe akifika mezani huo ndio alioufungua kwanza. Alhamisi tarehe 22 Juni aliukuta mstari bado ni wa jana yake, akachukua mkoba akaondoka kwenda hospitali, akawahi, akamshika mkono, na saa nne na dakika kumi asubuhi Nyaya akatutoka, akiwa na miaka hamsini na tisa na miezi mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kuosha vyombo vyetu siku hizi zote, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walimwandikia shemeji kumuuliza kama jina la mumewe liondolewe kwenye Ulizia, maana ndio utaratibu. Alikwenda mwenyewe, akaketi mezani pake, jina akaliacha, na kwenye mstari akaandika, "Huyu ni mume wangu. Ukimtafuta, mimi nipo mapokezi."

Pumzika, kaka, pumzika kwa amani.