Goti la Boke

Kabla sijamgawia yeyote ng'ombe wala kipande cha ardhi, wanangu, nianze na deni langu kwa Mungu na kwa huyu Boke, binti Nyangwine, aliyeketi karibu na mlango: nilimwibia goti. Msitazamane. Homa haijanipanda kichwani, na dada yenu Robi alinipa uji asubuhi nikaumaliza. Nasema mimi Machage, baba yenu, mzee wa kanisa ambaye mmeniona nikibeba kapu la sadaka, kwamba nilimwibia mtoto wa watu goti, kisha nikakaa kimya miaka yote hii mkiniita fundi mkubwa wa miguu.

Sogea, Heche, na wewe Simon, usisimame kama mgeni. Kaeni nyote nikiwa bado na pumzi ya kufikisha mwisho.

Boke alikuwa msichana mdogo alipoumwa na nyoka akikata majani ya ndama, hapa hapa Itiryo, na hospitalini wakamkata mguu chini kidogo ya goti ili wamwokoe. Walipomruhusu walimwambia baba yake, marehemu Nyangwine, amrudishe baadaye waangalie kama kigutu kimepona, ndipo wao wenyewe waseme ni mguu wa namna gani unaomfaa. Nyangwine alipita karakana kwangu pale Bomani akaniuliza, "Machage, kweli nimzungushe mtoto barabarani kwa ajili ya kipande cha mti, na wewe upo?" Nami, kwa kiburi, nikamjibu, "Wale watakuzungusha mpaka mtoto aolewe. Niachie mimi." Ndivyo nilivyojifanya daktari, wanangu, nikiwa na darasa la nne na randa mkononi. Mwenye kisu hachinji ng'ombe wa mwenzake mpaka aambiwe na mwenye zizi, lakini mimi nilichinja bila kuuliza zizi ni la nani.

Na sikumpima. Heche unajua kwa nini, maana nimekufundisha ujinga huo huo. Mimi ni fundi wa majeneza kabla ya kuwa fundi wa kitu kingine chochote, na watu wa huku wanaamini kwamba fundi wa majeneza akimnyooshea kamba mtu aliye hai amemwita kaburini. Nilisali kila Jumapili na bado niliogopa jambo hilo, nakiri mbele ya Mungu. Kwa hiyo aliyekuja kutaka gongo la kutembelea au mguu nilimpima ndugu yake, au jirani wa umri wake, halafu mengine nikamalizia kwa jicho. Mguu wa Boke niliupima kwa dada yake. Niliuchonga kwa mbao ya mgrevilea mkavu, nikautia ngozi ndani na raba ya tairi chini, ukapendeza kiasi kwamba Athuman, fundi viatu jirani yangu, aliugeuzageuza akasema, "Mzee Machage, huu mguu hata mwenye miguu miwili atautamani!" Tukacheka.

Siku nilipomvisha alikunja uso machozi yakamlenga. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mtoto wa Kikurya halii. Vumilia, utazoea." Na kweli hakulia. Krismasi ile alitembea kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele, watu wakapiga vigelegele, mimi nikainua kichwa kama jogoo, wala sikujua kwamba kile kigutu kilichofunga juu kilikuwa kinaoza ndani na kwamba kila hatua mtoto alikuwa anakanyaga moto. Alivumilia kwa sababu mimi, mtu mzima, nilimwambia kuvumilia ndiyo heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyemfundisha kuficha alikuwa mimi. Harufu ndiyo iliyotuambia. Wakamrudisha hospitali, wakamkata tena, safari hii juu ya goti. Na watu walipoanza kunong'ona kwamba mama yake wa kambo amemroga, mimi niliyejua ukweli nilikaa kimya, mpaka yule mama akarudi kwao akilia. Mungu amrehemu huko aliko. Na anirehemu mimi.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mnajua kwamba mwaka jana walituita mafundi wote wa mbao na viatu na chuma tunaotengeneza vitu vya walemavu, tukakaa na watu wa hospitali, ajenda ikiwa moja: nani aruhusiwe kuagiza mguu wa bandia, au chuma cha kunyoosha mguu wa mtoto, au kiatu cha mwenye kidonda cha sukari. Nilienda nimekasirika. Nilidhani wamekuja kutunyang'anya kazi. Boke alikuwa amekaa mbele, mwanamke mzima na watoto wake, amevaa mguu uliotengenezwa na yule dada Verdiana, mtaalamu wa viungo bandia, na aliponiona akaja hadi nilipo, akainama.

"Shikamoo, tata."

Kuniita baba, mimi niliyemwibia goti! Akakaa karibu nami akasema polepole, asisikie mwingine, "Ule mguu wa kwanza ulikuwa mzuri. Ulichonga vizuri kabisa. Lakini tata, nani aliagiza?"

Basi. Hakunitukana, wala hakunikumbusha mama yake wa kambo. Aliniuliza hilo moja tu, na mkutano mzima nikawa nalitafuna. Mikono yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyekitazama kigutu kile kwa macho ya kujua, akasema sasa ndiyo, au bado, au usimguse kabisa.

Kwa hiyo nilipoinuka kusema sikusema nilichokuwa nimekipanga. Wao walitaka daktari wa mifupa peke yake ndiye aagize, na huyo daktari huku anaonekana kama mvua ya kiangazi. Nikawaambia, jamani, mkijenga nyumba yenye mlango mmoja halafu mkaufunga, watu wataingilia dirishani, na dirisha lenyewe ni mimi. Mimi ndiye nilikuwa dirisha alilopitishwa mtoto huyu akaumia. Nikasimulia, ila kwa woga sikusema kwamba nilinyamazia uzushi wa uchawi, ndiyo maana nawaambia leo. Wakabishana sana. Mwisho tukakubaliana kwamba ataagiza daktari, ataagiza mtaalamu wa viungo bandia, na ataagiza yule wa mazoezi ya viungo wa wilaya ambaye amesomea. Nesi wa zahanati amtume mgonjwa kwao asimwagizie. Na fundi, na mwenye duka la dawa, na mganga wa mizizi, na hata mchungaji, wasiagize kitu. Fundi atengeneze alichoagizwa, kwa kipimo cha mtu mwenyewe, kisha airudishe kazi kwa aliyeagiza aikague mwilini. Athuman aliinua mkono akasema, "Mie nimekubali. Kiatu nashona, mguu namwachia Mungu na Verdiana." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta macho.

Sasa Heche. Usiangalie chini, nitazame.

Robi alipomleta Mogesi kutoka Mbalibali nilifurahi kumwona mjukuu wangu kabla sijaondoka, na mguu wake kifundo niliuona, umegeukia ndani kama unatafuta mwenzake. Robi alikuja na imani yake kwamba wewe utatengeneza chuma, mimi nitakiombea, na mtoto atanyooka. Ni imani ya mama, simlaumu. Lakini juzi nikiwa nimelala hapa nilisikia ukimfunga kile chuma ulichokipima kwa mtoto wa jirani, nikasikia Mogesi analia, nikakusikia unamwambia, "Mura, kijana, nyamaza, Mkurya halii." Kwa sauti yangu ileile, mwanangu. Nilidhani ni mimi ninayesema. Nikataka kuinuka, miguu ikakataa, nikalia pamoja na mtoto.

Kivueni. Leo, wala msingoje kesho. Najua utakalosema, umelisema hapa mara nyingi: "Tata, mpaka mtu wa Itiryo amfikie huyo mtaalamu, mtoto si atakuwa babu?" Na neno lako lina ukweli, ndiyo maana lilinisumbua kuliko maumivu ya kifua. Labda Verdiana atasema mguu huo wafungwe plasta kwanza unyooke taratibu, halafu ndipo chuma kifuate; labda atasema kingine. Mimi sijui. Kusema sijui kumenichukua umri mzima, wewe useme ungali kijana, ni bei nafuu. Na mtoto akilia, mwacheni alie, maana kilio cha mtoto ndicho kinachomwambia fundi mahali panapobana.

Sasa urithi, maana naona pumzi inakuwa fupi. Ng'ombe gawaneni sawa ninyi watatu, Robi sawa na kaka zake. Asiyetaka hivyo akajibishane na mimi mbele ya Mungu. Nyumba hii ibaki ya wote, mlango wake usifungwe kwa mtoto yeyote wa Boke. Heche, karakana ni yako, na randa, na misumeno, na jina langu kama utalisafisha. Usichonge gongo, usifunge chuma, usishone mkanda mpya bila agizo la mmoja wa wale watatu. Kamba ikikatika au msumari ukilegea, tengeneza, hilo ni la fundi. Kuamua si kwako.

Simon, mwanangu mdogo, wewe na kaka yako mmenuniana kwa sababu ya chumba cha mbele pale Bomani, wewe ukitaka kupanua duka la dawa, yeye akitaka kulaza mbao. Tena nimesikia watu wakija dukani unawaambia, "Nenda kwa Heche akutengenezee, mwambie nimekutuma mimi." Wewe unauza dawa, mwanangu, na unauza vizuri, usiwe dirisha la pili. Kile chumba simpi mmoja wenu. Nimeongea na Verdiana, atawaomba wakubwa wake awe anakuja siku za mnada kuona wagonjwa pale, ili mtu wa Itiryo akishuka kuuza mbuzi wake ashuke na mtoto wake pia. Wakikubali, njia imefupika, na swali lako, Heche, limejibiwa. Wasipokubali mwaka huu, waombeni mwakani, na chumba kikae tupu. Asiingize mtu mbao wala dawa. Ufunguo nimempa Boke. Ameshaupokea, na Athuman aliona.

Boke, mama. Sikuombi useme umenisamehe mbele ya watu, kama ni maneno ya kumfurahisha mzee anayekufa. Nenda nayo nyumbani, ukae nayo. Nilikuibia goti, nakuachia ufunguo. Havilingani. Lakini nimesikia Verdiana akisema tangu ule mkutano watoto wamefika kwake mapema, vigutu vikiwa vizima, na wengine wanatembea. Mungu huwa anaokota hata vipande tulivyovunja sisi.

Robi... maji tena. Hapana, usininyweshe, nilowanishe ulimi. Wazee wetu walibariki kwa mate, na mimi mate yamekauka, basi nitatumia haya ya kikombe. Mlete Mogesi. Mshikeni mguu, huo huo uliopinda. Mungu wa baba zangu, Mungu niliyemwimbia na kumkosea, huyu atembee. Na hawa wapendane. Wakae... wakae mahali pamoja, na ng'ombe wao wasikose majani, na asiwepo tena kwenye nyumba hii mtu wa kumwambia mtoto anyamaze. Amina. Semeni amina, sisikii vizuri.

Mtakapofika kwa Verdiana atatoa agizo lake, na Heche atatakiwa kumpima Mogesi, yeye mwenyewe, mguu wake mwenyewe. Na najua utaogopa kumnyooshea kamba mtu aliye hai, mura, kwa ile hofu niliyokupa mimi. Mbao za jeneza langu ziko darini, zimeshakauka. Mimi bado ni hai. Naongea, mnanisikia. Kamba ipo juu ya msumari, nyuma ya mlango, Boke atakupatia.

Ichukue, Heche. Njoo unipime.