Mwanangu Alisamehewa Ugenini

Nani hapa amewahi kumchapa mtoto mwenye ndevu? Semeni! Mnacheka? Basi mkono ni huu, uliochapa. Ndugu zangu, msifuni Bwana kwanza mimi nipate pumzi, maana amenitoa mbali!

Mwanangu Kasto tangu utoto haamkii mtu. Ukimshika anaruka kama umemmwagia uji wa moto. Juzi muuguzi kaniambia huo ni usonji, wanazaliwa nao. Sisi kule Matiri tulikuwa na jina letu: kiburi! Lakini kazi sasa! Ngoro zake, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, zilinyooka, wanawake wakaona wivu.

Enzi za ushirika karani wa ghala alimzoea. Kasto anaweka gunia la kahawa, karani anapima, basi, hakuna maneno. Ikaja soko huria. Wee! Malori, makarani wageni, huyu anavuta gunia, yule anavuta, makelele! Kasto akaziba masikio, akachutama. Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, akamsimamia mbele za watu.

"We Kasto, hata mimi baba yako mkubwa huniamkii? Sema shikamoo!"

Kasto akazidi kuziba masikio. Mtu akapiga kelele, "Mama Kasto kazaa gogo!" Wakacheka hao! Aibu ikanipanda kichwani. Nikavunja tawi la mbuni, nikamchapa mwanaume wa miaka thelathini. "Sema! Sema!" Hakusema. Kesho yake hayupo.

Ukoo ukaamua: arudi, apige magoti aombe radhi, la sivyo shamba hapati. Dada yangu aliyeolewa Liuli akaleta habari: Kasto kashuka kwa miguu mpaka ziwani, kavuka na shemeji yake, mume wa binti yangu, kwenda Malawi, kagoma kurudi. Nikamfuata.

Nikamkuta ufukweni anaanika usipa, wale dagaa wetu, kawapanga vichwa upande mmoja, wote! Mama wa pale, Kiswahili chake cha kuokoteza, akaniambia, "Mwanao mtu mzuri. Haamkii, lakini mgeni, lugha yetu hajui. Tunamwacha."

Ndugu zangu! Nilikaa mchangani nikacheka mpaka nikalia. Mgeni anasamehewa! Mimi niliyemzaa nilimpiga, wasiomjua wamemwacha apumue. Miaka yote hii, bado ni shubiri mdomoni, siwafichi.

Nikamwambia, "Twende nyumbani, baba."

Akasema, "Hapa." Basi! Akasogeza usipa mmoja ukae sawa.

Pale pale Mungu akanifungua! Nikapiga magoti mimi, mama mtu, mbele ya mwanangu. Aibu ikaniachia kama homa inavyoachia. Nikapanda mlima peke yangu, nikawaambia ukoo: magoti mliyoyataka yameshapigwa, na shamba kaeni nalo! Wengine mpaka leo hawanisemeshi. Asante Yesu, nimepumzika!

Wewe uliyemfungia mwanao ndani wageni wasimwone, mfungulie leo. Mtumaini Mungu, weka fimbo chini. Mimi nilichelewa, na kwa kuchelewa kwangu mwanangu yuko nchi ya watu.

Miguu yangu sasa haifiki ziwani. Jana mjukuu wangu Rehema, mtoto wa binti yangu, kanishika goti. "Bibi, usilie. Nitavuka mimi kwa mjomba. Nitamwamkia, halafu sitasubiri marahaba."